Si Kila “Run” Ni Kukimbia: Mwongozo wa Kulitafsiri Neno Moja la Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ndogo ya kutafsiri maelezo ya ufuaji yaliyokusudiwa kubandikwa kwenye vitambaa vya pamba, na katika mstari wa mwisho kulikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, “colours may run”, ambayo niliyaandika haraka haraka kuwa “rangi zinaweza kukimbia”. Mwenye kazi aliipokea karatasi bila kusema kitu. Aliyesema ni mama mmoja muuza kanga, jirani yetu, niliyemwonyesha maelezo hayo kwa kujivuna kidogo. Alichovya ncha ya kanga mpya katika kikombe cha maji, akaifikicha juu ya kitambaa cheupe, akanionyesha doa jekundu lililobaki, kisha akaniuliza: “Mwanangu, sasa hii imekimbilia wapi? Hii inachuja.” Neno lilikuwa hilo hilo, nami nilikuwa nimelisikia tangu utotoni kila kanga mpya ilipotengwa na nguo nyeupe siku ya kufua, lakini halikunijia kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye Kiingereza.

Kosa lile halikutokana na kutojua maana ya “run”, kwani hilo ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa anayofundishwa mtoto wa shule ya msingi. Lilitokana na kuijua maana moja vizuri mno. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa “set”, ambalo kitenzi chake kilipewa maana zipatazo 430. Wahariri wa toleo la tatu walipofika kwenye herufi R, “run” ikaipita “set”: mhariri Peter Gilliver alitumia takriban miezi tisa kulichambua neno hilo peke yake, na ilipofika mwaka 2011 hesabu ya maana za kitenzi hicho ilikuwa 645. Hakuna mfasiri anayeweza kukariri maana 645, wala hana haja ya kufanya hivyo, kwa sababu maana hizo hazikutawanyika ovyo. Zinafuata maneno yanayoizunguka “run” katika sentensi, na mwenye kujua kuyasoma maneno hayo jirani huipata maana bila kufungua kamusi mara nyingi.

Msomaji wa Kiswahili asiuone mzigo huu kuwa mgeni. Sisi tuna “piga”. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mswaki, hupiga kura, hupiga chafya, hupiga magoti na hupiga hodi, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. Hatujawahi kumfundisha mtoto maana hizo moja moja; anaisikia “pasi” baada ya “piga” na mara moja anajua kwamba kuna nguo inayonyooshwa. Mzungumzaji wa Kiingereza naye huisikia “run” kwa namna hiyo hiyo. Kazi ya mfasiri ni kujizoesha kusikia hivyo katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo, kisha kuisahau lugha hiyo kwa muda anapoandika. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia mwenyewe, kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Amua kama ni kitenzi au nomino

Hatua hii ni fupi, lakini anayeiruka hujuta. “Run” ikitanguliwa na “a” au “the” mara nyingi ni nomino, na nomino hiyo ni nadra kuwa “mbio”. Katika uchapishaji “print run” ni nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja. Kwa mfugaji “chicken run” ni ua wa kuku uliozungushiwa wavu. “A run of bad luck” ni mikosi ya kufuatana, na “dry run” ni zoezi la majaribio kabla ya shughuli yenyewe. Kwa Mmarekani “a run” katika soksi ndefu za kike ni uzi uliofumuka, kasoro ambayo Mwingereza huifananisha na ngazi. Ukishajua kwamba una nomino mkononi, achana kabisa na kitenzi “kukimbia” na utafute jina la kitu chenyewe kama wanavyokiita watu wanaokitumia.

Hatua ya pili: Mtazame mtenda

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Kabla ya kuuliza “run” ina maana gani, uliza ni nani au ni nini kinachofanya tendo hilo. Akiwa ni kiumbe mwenye miguu, basi huenda kweli anakimbia, na sentensi imekwisha. Lakini watenda wengi wa kitenzi hiki hawana miguu.

Kundi la kwanza la watenda hao ni vimiminika. Kuna wanaodhani kwamba Kiingereza kilianza na miguu, kisha kikayafananisha maji na mkimbiaji, lakini maana ya kutiririka ni ya kale sana katika neno hili: Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, hadi leo kina “rennen” kwa kukimbia na “rinnen” kwa kutiririka, vitenzi viwili vya asili moja. Kiswahili hakikuunganisha mambo hayo mawili, kwa hiyo kila kimiminika kina kitenzi chake. Mto hutiririka au hupita, na ukifika baharini humwaga maji yake, ndiyo maana “the Rufiji runs into the Indian Ocean” ni “Mto Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi”. Bomba hutoa maji, au kwa ufupi zaidi maji hutoka: mtu wa Dar es Salaam akiamka alfajiri huuliza “maji yanatoka?” wala hamuulizi mtu kama maji yanatiririka. Mtoto mwenye mafua hutokwa na kamasi. Mshumaa huyeyuka na kuchuruzika. Nguo huchuja, na hapa niongeze kwamba “kuchuja” kwenyewe ni kitenzi chenye maisha yake, kwani tui la nazi huchujwa, wagombea huchujwa, na msanii aliyepitwa na wakati husemwa kwamba amechuja.

Mfano mmoja wa vimiminika unastahili kutazamwa kwa karibu. Maneno “running water” yanapatikana katika maandishi ya afya na pia katika matangazo ya nyumba za kupanga, na ni kosa kuyatafsiri kwa namna moja. Wakati wa janga la korona, mabango ya Tanzania yalituhimiza kunawa mikono kwa “maji tiririka” na sabuni. Kwa sarufi ya darasani tungetarajia “maji yanayotiririka”, lakini umbo fupi ndilo lililoenea, na mimi naliona ni zuri kwa sababu linasemeka kwa pumzi moja. Maana yake pale ni maji yanayopita juu ya mikono na kwenda zake, tofauti na maji yaliyotulia ndani ya beseni ambamo wageni kumi wamekwisha kunawa. Maji hayo si lazima yatoke kwenye bomba la mamlaka ya maji. Kibuyu chirizi, ile galoni ndogo inayoning’inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, hutoa maji tiririka halali kabisa. Tangazo la nyumba likisema “running water”, kinachoelezwa ni kitu kingine: nyumba ina maji ya bomba, yaani mpangaji hatabeba ndoo. Anayeandika “nyumba ina maji tiririka” atamfanya msomaji afikirie kwamba paa linavuja.

Kundi la pili ni vyombo vya usafiri na mashine. Basi “linalorun” kati ya miji miwili hufanya safari kati ya miji hiyo. Treni “inayorun” siku ya Jumanne husafiri kila Jumanne. Injini huwaka au huunguruma. Kompyuta na programu hufanya kazi. Lakini njia inayopitwa na vyombo hivyo ni jambo jingine, kwa kuwa barabara, reli, waya na mipaka havisogei. Kiingereza husema kwamba reli ya TAZARA “runs” kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kiswahili kinachosomeka vizuri ni “reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860”, bila kitenzi cha mwendo hata kidogo. Mstari wa ikweta hupita katika Ziwa Victoria. Ukuta huzunguka shamba. Jiulize jicho la msomaji linauona mstari huo ukifanya nini, ukianzia, ukipita, ukizunguka au ukiishia, kisha utumie kitenzi hicho.

Kundi la tatu ni vitu vyenye muda. Mkataba ambao kwa Kiingereza “runs for three years” ni mkataba wa miaka mitatu, basi. Filamu ina urefu wa dakika kadhaa. Maonyesho huendelea hadi tarehe fulani. Hapa makosa mengi huanzia kwenye hofu ya mfasiri kwamba kila kitenzi cha Kiingereza lazima kipate kitenzi cha Kiswahili, hofu isiyo na msingi, kwani lugha yetu huridhika kabisa na “ni” au “wa”.

Kundi la mwisho ni tabia na maradhi. “Asthma runs in the family” ni “pumu iko katika ukoo wao” au “pumu yao ni ya kurithi”. Ya kwanza ndiyo anayoisema bibi akimweleza muuguzi. Ya pili ndiyo anayoiandika daktari. Zote mbili ni sahihi, na ni juu ya mfasiri kujua anamsemea nani.

Hatua ya tatu: Mtazame mtendwa

Ikiwa “run” inafuatwa moja kwa moja na nomino, nomino hiyo ndiyo yenye uamuzi. Tafsiri inayotumika zaidi hapa ni “kuendesha”, na inafaa kweli kwa biashara, kampuni, shule, mradi na programu ya kompyuta. Vijana wa kompyuta huichukua “run” yenyewe na kuivisha “ku-” mbele. Katika mazungumzo sina ugomvi nao, ila katika maelekezo yaliyoandikwa “endesha programu” inaeleweka na kila mtu. Hata hivyo, “kuendesha” isigeuzwe kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mama ambaye kwa Kiingereza “runs a small shop” haendeshi duka dogo. Ana kiduka, au ana genge, na ukiandika “anaendesha genge” umemfanya jambazi. Isitoshe, katika mazungumzo ya nyumbani “anaendesha” bila nomino nyuma yake ni mtu anayeharisha, na jambo la kuchekesha ni kwamba Kiingereza cha mtaani nacho huyaita maradhi hayo “the runs”. Ni mahali pachache sana ambapo lugha hizi mbili zimekutana juu ya neno hili, na zimekutana chooni.

Nomino nyingine huja na vitenzi vyao. Gazeti huchapisha habari. Daktari humfanyia mgonjwa vipimo. Dereva asiyejali hupita taa nyekundu. Mfanya magendo husafirisha silaha kwa siri. Mtu hujihatarisha. Mgonjwa ambaye “is running a temperature” ana homa, na joto la mwili likitakiwa kutajwa kitaalamu, limepanda. Msichana ambaye kwa Kiingereza “runs errands” kwa ajili ya shangazi yake, kwa Kiswahili hutumwa na shangazi yake huku na huko: mtenda amebadilika, na kitenzi kimekuwa cha kutendwa, kwa sababu katika nyumba zetu anayetuma ndiye mwenye kauli. Na “to run a bath” huwatatiza wafasiri wengi wa hadithi, kwa kuwa wengi wetu hatuna hodhi la kujaza. Mimi huandika “alimwandalia maji ya kuoga”, na msomaji ataona mwenyewe ndoo au hodhi kulingana na nyumba inayosimuliwa.

Hatua ya nne: Usikipuuze kijineno kinachofuata

Kiingereza hubandika vijineno kama “out”, “into”, “over”, “down” na “up” baada ya kitenzi, na kila kimoja huigeuza maana kabisa. Mfasiri asiye mwangalifu hutafsiri kitenzi kwanza, kisha akakitafutia kijineno mahali pa kukaa. Njia sahihi ni kuvichukua viwili hivyo kama neno moja. Sisi kazi hiyo ya kugeuza maana huifanya ndani ya kitenzi chenyewe kwa kukinyambua, ndiyo maana kutoka “kimbia” tunapata “kimbilia”, “kimbiza” na “kimbizana” bila kuongeza neno lolote pembeni.

Chukua “run out”. Mwingereza husema kwamba yeye ndiye aliyefanya tendo: “we have run out of sugar”. Kwetu sisi sukari ndiyo inayotenda, nasi ndio tunaofikwa: “tumeishiwa sukari”, au “sukari imetuishia”. Kitenzi “isha” kimenyambuliwa na kuwa “ishia”, kisha “ishiwa”, na katika silabi hizo chache mna habari yote ya kitu kilichokwisha pamoja na mtu aliyepata hasara ya kwisha kwake. Simu nayo huisha chaji. Muda huyoyoma, na sioni tafsiri bora ya “time is running out” kuliko “muda unayoyoma”, kwa sababu kitenzi hicho kina picha ya kitu kinachotoweka mbele ya macho huku ukikitazama. “Running low” ni hatua ya kabla ya hapo: sukari imebaki kidogo, au inakaribia kwisha.

“Run into” ina sura nne angalau, na zote zinategemea kilicho mbele na nyuma yake. Gari likikutana na mti, limeugonga, au kama waandishi wa habari za ajali wanavyopenda kusema, limeuparamia. Mtu akikutana na mjomba wako Kariakoo, amekumbana naye. Mradi ukikutana na matatizo, umekumbwa nayo. Deni likikutana na mamilioni, limeyafikia. Tazama jinsi “kumba” ilivyojitokeza mara mbili, mara ya kwanza kwa kauli ya kutendana na mara ya pili kwa kauli ya kutendwa. Watu wawili hukumbana kwa usawa, lakini mradi hauna uwezo wa kuyakumba matatizo, hivyo hukumbwa.

Kwa “run over” tenganisha ajali, chombo na saa. Mtembea kwa miguu hugongwa na gari. Mbwa aliyelala barabarani hukanyagwa. Sufuria ya maziwa hufurika. Kikao hupitiliza muda. “Run down” ikihusu jengo, jengo hilo ni chakavu. Ikihusu mtu anayemsema mwenzake, anamponda. Ikihusu betri, imekwisha. “Run up” mara nyingi huhusu madeni, nayo ni kulimbikiza. “Run through” katika shughuli za ofisini ni kupitia jambo haraka haraka, kama ajenda kabla ya kikao. Nisiendelee zaidi, kwani njia ni ile ile.

Hatua ya tano: Jua upo katika uwanja gani

Maneno ya taaluma hayatafsiriwi kwa kubahatisha, na “run” imeingia katika taaluma kadhaa ambamo kosa dogo lina gharama.

Ya kwanza ni benki. “A run on the bank” ni hali ambayo wateja wengi kwa wakati mmoja wanataka kutoa fedha zao kwa kuhofia kwamba benki itaanguka, na hofu hiyo yenyewe ndiyo huiangusha, kwa kuwa hakuna benki inayoweka amana zote za wateja wake ndani ya sefu. Mwezi Septemba 2007 picha za wateja wa benki ya Northern Rock ya Uingereza wakiwa kwenye foleni ndefu nje ya matawi zilienea dunia nzima. Mwezi Machi 2023, huko Marekani, wateja wa Silicon Valley Bank waliomba kutoa dola bilioni 42 katika siku moja, wengi wao wakiwa wamekaa mbele ya simu na kompyuta bila kuonekana kwenye foleni yoyote. Nimeshasoma habari za aina hii zikiitwa “mbio za benki”. Shida ni kwamba benki zetu kadhaa huandaa mbio za hisani, zenye fulana, namba kifuani na medali kwa wote wanaomaliza, hivyo msomaji wa Dodoma atadhani anasoma habari za marathoni. Ninachokipendekeza ni “wateja kukimbilia kutoa amana”, na hapa, kwa mara moja, kitenzi “kimbia” kimepata haki yake, ila kwa umbo la “kimbilia”, ambalo lina hofu na lina mahali pa kwenda.

Ya pili ni mahakama. Hakimu akisema kwa Kiingereza kwamba adhabu mbili “run concurrently”, maana yake ni kwamba zinakwenda pamoja, yaani mtu aliyehukumiwa miaka mitano kwa kosa la kwanza na mitano kwa la pili atakaa gerezani miaka mitano. Zikiwa “consecutively”, moja huanza nyingine ikiisha, na mtu huyo atakaa kumi. Mkalimani anayesema tu kwamba “vifungo vitaendelea” ameificha tofauti ya miaka mitano ya maisha ya mtu. Vilevile, sheria zinazoweka ukomo wa muda wa kufungua shauri husema kwamba muda “begins to run” tangu siku fulani. Kwa Kiswahili cha kisheria muda huanza kuhesabiwa.

Ya tatu ni siasa. Mmarekani anayetaka cheo “hukimbia”, Mwingereza “husimama”, na sisi hugombea, kitenzi kilichotokana na “gomba”, yaani kuzozana. Wakenya huongeza pia “kuwania”. Naona lugha yetu imekuwa ya kweli zaidi kuliko hizo nyingine. “Running mate” ni mgombea mwenza Tanzania na Kenya pia, na hakuna sababu ya kubuni neno jipya. “Run-off” ni duru ya pili: kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, uchaguzi mwingine hufanyika ndani ya siku 30. Jihadhari, hata hivyo, kwani wahandisi wa maji nao wana “runoff” yao, ambayo ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama.

Kuhusu kriketi niseme kwa ufupi. Alama za mchezo huo huitwa “runs” kwa sababu wapigaji wawili hubadilishana nafasi kwa kukimbia, nami huandika “mikimbio”. Lakini mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mpigaji hupewa mikimbio sita akiwa amesimama palepale, na mfasiri anayeeleza kwamba “alikimbia mara sita” atakuwa ametunga.

Hatua ya sita: Ondoa sentensi ya Kiingereza mbele ya macho

Ukishapata maana, funika maandishi ya asili na ujiulize: jambo hili lingesemwaje na mtu ambaye hajawahi kuiona sentensi ile? Kwenye kituo cha mafuta, “do not leave your engine running” inaweza kutafsiriwa “usiache injini yako ikiunguruma”, na sarufi haitakuwa na kosa. Lakini muuza mafuta wetu, akiwa ameshika pampu mkononi, husema “zima injini”. Maneno mawili, amri moja, na kitenzi cha Kiingereza kimetoweka pamoja na ukanushi wake. Vivyo hivyo “three days running” ni “siku tatu mfululizo”, na “in the long run” ni “baadaye sana” au “mwishowe”, kutegemea kama mwandishi anazungumzia muda au matokeo.

Hatua ya saba: Jaribu kwa sauti, kwa aya nzima

Sentensi moja moja hudanganya, kwa hiyo ninapomaliza huisoma aya yote kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu asiyeijua asili yake. Hii hapa aya niliyoitunga kwa ajili ya zoezi, yenye “run” tano: “The clinic, which has run since 1998, is running low on gloves. The nurse who runs it says that on Monday the water ran for two hours and stopped. Her patience is running out.”

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi: “Zahanati hiyo, ambayo imeendeshwa tangu mwaka 1998, inakaribia kuishiwa glavu. Muuguzi anayeiendesha anasema kwamba siku ya Jumatatu maji yalitiririka kwa saa mbili na kusimama. Uvumilivu wake unakwisha.” Hakuna neno ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu, lakini niliposoma kwa sauti, dada yangu aliyekuwa akichambua mchele alinisimamisha mara tatu. Zahanati haisemwi kuwa “imeendeshwa tangu”, bali imekuwa ikitoa huduma. Muuguzi ni msimamizi, au mfawidhi kama cheo hicho ni rasmi. Na maji hayasimami, yanakatika.

Rasimu ya pili ikawa: “Zahanati hiyo, ambayo imekuwa ikitoa huduma tangu mwaka 1998, imebakiwa na glavu chache. Muuguzi mfawidhi anasema Jumatatu maji yalitoka kwa saa mbili tu, kisha yakakatika. Uvumilivu umeanza kumwishia.” Katika sentensi ya mwisho nilibishana na dada kwa muda. Yeye alitaka “amechoka kuvumilia”, nami nilishikilia kwamba aliyechoka amekwisha kufika mwisho, ilhali muuguzi huyu bado ana akiba kidogo. Nikaiacha yangu, akarudi kwenye mchele wake.